Mpangaji Ana Jambo

Wodi ya figo,
Kitanda cha dirishani,
Jumatatu.

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote, na kwa mapenzi ya mtoto uliyembeba mgongoni mpaka akaota ndevu. Hujambo wewe? Shemeji hajambo, na kiuno chake? Masufuria ya shuleni je, bado yanakutii? Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa, tena kwenye kiti chenye mgongo, kwa sababu ni ndefu na si yote tamu.

Hapa ndipo mtu huandika kwamba naye huko aliko hajambo. Nisamehe, leo neno hilo sitaliandika. Nimegombana nalo, na ukifika mwisho utajua tumegombania nini. Jua tu kwamba ninapumua, ninakula, nina akili zangu zote, na nimelazwa tangu Alhamisi. Ukiona herufi zinayumba kama za mtoto wa darasa la kwanza, usidhani nimemwandikisha mtu mwingine. Ni mkono wangu mwenyewe. Nao una habari yake.

Nimechagua barua badala ya simu kwa sababu nakujua na ninajijua. Kwenye simu ungenikatiza kwa kunihurumia, nami ningepata mwanya wa kunyamaza. Bibi harusi wetu, mwanao, anakuja kunitazama saa kumi, na kesho anakuja huko kwenu, basi nitampa yeye. Nitamwambia ni salamu tu. Bahasha haikuwa na gundi, kwa hiyo nitaishona kwa sindano ya mkono. Kata uzi taratibu, usije ukachana karatasi.

Najua umeitwa hospitali Alhamisi hii upimwe. Mwanao ameniambia tangu simu ile ya hospitali umeacha chumvi, hunyanyui sufuria, unalala ubavu mmoja tu, na ulimuuliza mumeo nani atashika jiko la shule ukiondoka. Kabla sijaendelea nataka usikie hili: daktari amesema hana tena sababu ya kuishuku figo uliyobaki nayo. Rudia kulisoma hilo ukipenda. Sababu yake nitaifikia. Nakuomba usirukie ukurasa wa mwisho, maana nataka uifikie kwa njia niliyopita mimi.

Leo ni siku ya majibu. Wamenitoa damu asubuhi kabla sijameza dawa, nami naandika huku nikiutazama mlango. Ikija namba ya figo imeshuka, Mpangaji anabaki. Ikija imepanda, nitarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, kama zamani.

Nakumbuka ulivyompa jina hilo. Siku ya tano baada ya kupasuliwa uliletwa kitandani kwangu kwa kiti cha magurudumu, ukanigusa chini ya tumbo, pale iliposhonewa figo yako, ukasema huyo ni mpangaji wako, mpe maji, usimpigie kelele. Tangu hapo, mwaka mmoja na nusu sasa, ukipiga simu huniulizi mimi kwanza. Unauliza Mpangaji hajambo? Nami hujibu hajambo, amelipendezesha jumba. Tunacheka.

Lakini siku ile ya kupasuliwa wewe ulikuwa chumba kingine bado hujazinduka sawasawa, kwa hiyo hukusikia niliyoelezwa na yule muuguzi wa kliniki tunayemwita Mama Saa. Jina tumempa wagonjwa, kwa vile hana neno jingine ila saa. Alivuta kiti akaniambia kila mwili una kinga, na kinga hiyo ni kama mlinzi wa getini aliyeonyeshwa sura za waliozaliwa mle ndani, basi. Hasomi barua ya utambulisho. Hajui kwamba aliyekuja ni zawadi. Akiona sura ngeni anapiga. Nikamwambia, mama, huyu ni dada yangu, tumbo moja, ziwa moja. Akasema tumbo moja humfanya mlinzi asite kidogo, lakini sura bado si ile ile.

Kwa hiyo kazi ya dawa ni kumtia mlinzi usingizi nusu. Hauawi, maana akifa wataingia wezi wote: kikohozi, fangasi, vidonda, homa zisizo na jina. Anasinzishwa tu, rungu limlegee mkononi. Ndiyo sababu niliambiwa nivae barakoa kwenye watu wengi, ninawe mikono kila saa, na nimkimbie mtu yeyote anayepiga chafya hata kama ni mchungaji wangu. Na usingizi huo hudumu saa kumi na mbili. Basi ni saa moja asubuhi na saa moja jioni, maisha yote. Nilimuuliza kama mlinzi hatamzoea mpangaji baada ya miaka. Akasema hamzoei. Siku akiamka atampiga kama vile amefika leo. Tena figo ikipigwa haiumi kama jino. Inapigwa kimya kimya, na wewe mwenye nyumba unaimba kwaya.

Nilipewa dawa tatu. Moja ilinifanya nijue kila choo kati ya nyumbani na kazini. Nyingine, kidonge kidogo kichungu, ilinipa njaa ya ajabu na ikanivimbisha uso ukawa mviringo kama sahani. Fundi viatu tunayekaa naye baraza moja akanibatiza jina la Mashavu, na mpaka leo wateja huuliza Mashavu yupo? Alikuwa akiniambia nimenenepea huruma ya dada yangu. Sukari nayo ikapanda kidogo, nikaacha soda. Nywele za utosini zikapungua. Hayo yote, Dada, nilimshukuru Mungu kwayo, kwa sababu nilikuwa nakojoa. Mtu aliyekaa miaka mitatu bila kukojoa vizuri hagombani na mashavu.

Dawa ya tatu, ile kapsuli nyeupe ndogo, ndiyo kubwa lao. Hiyo ndiyo inayomsinzisha mlinzi hasa. Na hiyo ndiyo iliyonitetemesha mikono.

Ilianza kama mchezo. Kikombe kikicheza juu ya sahani yake, wifi yako akidhani nina baridi. Kisha sindano. Mimi fundi wa miaka ishirini na nane, mtu niliyekuwa naingiza uzi kwenye tundu huku nikibishana na mteja, nikawa najaribu mara tisa, mara kumi, mpaka ncha ya uzi inachakaa. Fundi viatu akawa ananitungia uzi yeye, na mikono yake ya gundi, bila mzaha wowote. Kutokufanya kwake mzaha ndiko kulikoniuma. Siku nilipomchoma mteja kwa pini begani wakati wa kupima, damu ikatoka kwenye shati jeupe. Aliniambia si neno, fundi. Hakurudi.

Na mbele yangu lilikuwa gauni la mpwa wangu.

Wewe hukulitaka, mimi ndiye niliyeahidi. Siku ya kuingia chumba cha upasuaji, mwanao alikuwa analia amekushika mkono kama anayekupeleka kaburini, nami nikamwambia nyamaza mama, mjomba akipona, siku ya harusi yako utavaa gauni la mkono wangu, kila mshono. Nilikuwa sina kingine cha kukupa, Dada. Figo hairudishwi. Gauni nililiweza. Basi alipokuja kuniambia ameposwa, na amekwisha kuchagua mtindo, mgongoni safu ya vifungo vya lulu kutoka shingoni hadi kiunoni, kila kimoja na kitanzi chake cha kushonwa kwa mkono, nilimjibu litakuwa tayari. Nikarudi mezani nikautazama mkono wangu unavyoruka.

Uliliona gauni lenyewe. Ulilipindua ukatazama ndani, kama marehemu mama alivyokufundisha, maana nje kila nguo ni nzuri. Ukapitisha kidole kwenye vitanzi kimoja kimoja, ukawaambia wakwe zako mkono wa mdogo wangu haukubadilika hata kidogo. Nikainamisha kichwa. Ukadhani ni unyenyekevu.

Nilikuwa nimekwenda kliniki mara moja katikati ya kushona. Namba ya figo, iliyokuwa mia na kumi kwa mwaka mzima, ilikuja mia na arobaini. Kipimo cha dawa kwenye damu kilikuwa sawa kabisa. Mama Saa akauliza kama nakunywa maji, nikasema pengine siyanywi ya kutosha. Akaandika. Wiki ya pili baada ya harusi nilikwenda tena. Namba ilikuja mia mbili thelathini na nane, na mkojo ulikuwa na povu. Kipimo cha dawa kilikuwa sawa tena.

Daktari alivua miwani. Alilipindua faili langu mbele na nyuma. Akasema dawa zipo, kiwango kipo, kwa hiyo hana haki ya kusema mwili umekataa figo mpaka achukue kinyama chake kidogo kwa sindano. Lakini liko jambo jingine la kulitazama, kwa kuwa ugonjwa wangu wa mwanzo haukupata kujulikana chanzo chake na huenda ni wa ukoo. Huenda, alisema, figo ilikuja na udhaifu wake. Tumwite dada yako tumpime. Ndipo ulipopigiwa simu.

Wewe ulinipigia jioni ile ile. Hukuulizia Mpangaji. Uliniuliza kwa sauti ya chini kama nakukasirikia, kwamba labda ulinipa kitu kibovu bila kujua. Ukasema unisamehe. Nikakujibu hapana, Dada, usiseme hivyo, tumwachie Mungu. Tukaagana. Kisha nikakaa kitandani, viatu miguuni, mpaka wifi yako alipokuja kuniuliza kama nimeishiwa maji mwilini.

Hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita. Jumatano iliyopita wifi yako alikatikiwa na kifungo cha mkono wa blauzi. Akachukua kopo langu la vifungo, akalimwaga juu ya meza ya kukatia ili atafute cha kufanana. Nilikuwa uani. Niliposikia mlio wa kopo kumwagwa nilikimbia, nikachelewa. Alikuwa amesimama anatenga kwa kidole, vya lulu huku, na kapsuli nyeupe huku. Zilikuwa arobaini na moja. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, baba, na hivi ni vifungo vya gauni la nani?

Sasa nimefika, Dada. Sikuzimeza.

Mwanzo nilisahau kweli. Wiki ya kwanza ya gauni, asubuhi moja mteja aligonga mlango mapema anataka suruali ya safari, nikaenda kazini dawa zangu zikabaki mezani. Mnamo saa tano nikachukua sindano, nikasukuma uzi, ukaingia mara ya kwanza. Nikautazama mkono. Ulikuwa umetulia juu ya kitambaa kama pasi. Nawe unajua kwamba siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimefunga na kuomba, nikimwambia Mungu anipe mkono wangu kwa ajili ya gauni hili tu, sitaomba tena. Nikapiga magoti pale pale kati ya vipande vya satini, nikashukuru mpaka fundi viatu akavua kofia. Sikujiuliza nimemeza nini asubuhi. Niliona nimejibiwa.

Mchana nilipokumbuka vidonge, ilikuwa bado mapema. Ningerudi nyumbani nikameza, Mama Saa alishatufundisha la kufanya ukichelewa. Lakini hapo neno likaniingia kichwani. Kila asubuhi mimi huomba nikisema, Bwana, uwe kinga yangu. Kisha nainuka magotini, nachukua glasi ya maji, nameza dawa ambayo kliniki nzima huiita ya kushusha kinga. Nikajiona kama mtu anayefunga mlango kwa mkono wa kulia na kuufungua kwa mkono wa kushoto. Nikasema labda ndiyo maana Mungu ananitetemesha. Mimi shule yangu unaijua iliishia wapi. Neno ni moja, nami nililisoma mara moja.

Basi nikaacha kapsuli za asubuhi. Za jioni nilimeza, wifi yako akiwa mbele yangu na glasi. Ya asubuhi niliipokea mkononi, nikasema nitaimeza na chai ya kazini, nikaidondosha kwenye kopo. Kuzitupa sikuweza. Niliona ni dhambi kutupa dawa. Tazama dhambi niliyoichagua kuiogopa.

Usidhani nilikuwa sijui ninalofanya. Kama ningekuwa sijui nisingeficha. Siku tatu kabla ya kliniki ile ya katikati ya kushona nilimeza zote, asubuhi na jioni, kwa saa, ili damu itoe kiwango kizuri. Ikatoa. Ndiyo maana kipimo cha kwanza kilikuwa sawa. Siku hizo tatu sikushika sindano, nilikata bitana tu, kwa sababu mtetemeko ulirudi. Wiki saba zote nilijiambia Mpangaji angevumilia mpaka harusi, kisha ningemmezea dawa zake maisha yote. Na Jumatatu baada ya harusi nilianza kweli, sikuruka hata moja, ndiyo maana na kipimo cha pili kilikuwa sawa, daktari akavua miwani. Mlinzi alikuwa amekwisha kuamka.

Lakini hilo silo lililonifanya nishindwe kusali. Linalonichoma ni siku ile daktari aliposema huenda figo ilikuja na udhaifu wake. Dada, nilifarijika. Nisikufiche. Nilihisi mabega yameshuka, kama mtu aliyetuliwa gunia. Nilisema moyoni, basi huenda si mimi. Nikakuacha ukaitwa. Nikakuacha ukaniomba msamaha. Ukalala ubavu mmoja wiki mbili kwa ajili ya kapsuli zilizokuwa kwenye kopo langu la vifungo, nami nikakwambia tumwachie Mungu.

Wifi yako alinipa mpaka kliniki ifunguliwe Alhamisi. Alisema nisipolipeleka kopo mwenyewe atalipeleka yeye, na atalimwaga mapokezi mbele ya watu. Akasema, dada yako alibaki na moja, na hiyo moja umeitia hofu. Asubuhi alinisindikiza hadi mlangoni pa Mama Saa, akakaa nje na mkoba wake magotini.

Mama Saa alifunga mlango. Nilimwaga kopo mezani pake. Nilitegemea matusi. Aliuliza kwa nini sikusema kwamba mikono imetetemeka mpaka kazi imesimama. Nikasema sikuulizwa. Basi akafungua faili langu, akanisomea kurasa moja moja: Mgonjwa hana malalamiko. Mgonjwa hana malalamiko. Kila mwezi aliniuliza unajisikiaje, Mashavu, na kila mwezi nilimjibu sijambo mama, namshukuru Mungu. Nilidhani ananisalimia. Akasema hapa kliniki neno sijambo limezika figo nyingi kuliko ugonjwa wenyewe. Kwamba dozi hupunguzwa kwa kipimo, kwamba kapsuli zipo za namna nyingine ambazo wengine hawatetemeki nazo sana, kwamba mtu angeweza hata kuniandikia gauni lichelewe. Lakini nani abadilishe dawa ya mtu asiye na jambo?

Nikamwambia na lile la kinga. Hapo alicheka kidogo, na kunicheka kwake kuliniponya kuliko hasira. Yeye pia ni mtu wa maombi. Alisema kinga hizo mbili zimefanana majina tu, kama watu wawili wa mtaa mmoja wenye jina moja, na mimi nimepeleka barua ya mmoja kwa mwingine.

Daktari hakucheka. Alisema kwenye mashine za kusafisha damu kuna watu ambao wangemeza hata misumari kama ndiyo bei ya figo ile. Alikuwa na haki. Nililazwa saa hiyo hiyo, mchana wakachukua kinyama kwa sindano, na jibu likaja kama nilivyolijua: mlinzi alikuwa ndani ya nyumba na rungu. Hakuna dalili ya ugonjwa wowote wa kutoka kwako. Ijumaa, Jumamosi na jana wamenitundikia dripu ya dawa kali ya kumlaza. Ladha ya chuma mdomoni, moyo unakwenda mbio, uso umeanza tena kuvimba. Ukiniona utaniita Mashavu na wewe.

Nimeacha kalamu kidogo. Mama Saa ameingia.

Namba ni mia na sitini na nane. Imeshuka kutoka mia mbili thelathini na nane. Amesema Mpangaji amebaki. Lakini amesema pia, na aliketi ili aniambie, kwamba kwenye mia na kumi haitarudi. Kuna sehemu imekwisha kufanya kovu, na kovu halifanyi kazi. Alichokupa dada yako, alisema, umekiunguza chumba kimoja. Vilivyobaki vitatosha miaka mingi ukivitunza. Nikamuuliza miaka mingapi. Akasema hilo si la saa yake.

Basi ndivyo nyumba ilivyo. Ulinipa nzima, nimebaki nayo pungufu, na pungufu hiyo nimeishona kwa mkono wangu kwenye gauni la mwanao. Sikuombi unisamehe leo. Kaa nalo. Ukitaka kunyamaza mwezi, nyamaza. Kama utanitukana, tumia jina langu la utotoni ili nijue bado ni wako.

Bibi harusi hajui. Analipenda gauni lile, ameliweka kwenye sanduku na karatasi laini katikati. Kumwambia au kutomwambia nakuachia wewe, kwa sababu nimekwisha kuamua mengi mno peke yangu.

Alhamisi, ukija, njoo kwa sababu daktari anasema aliyetoa figo apimwe kila mwaka, na wewe mwaka jana ulikwepa ukisema una sufuria jikoni. Usije kwa hofu. Kula chumvi yako kwa kiasi. Geuka, lalia ubavu wa pili.

Kuhusu kazi, Jumatano wananibadilishia kapsuli. Huenda mkono ukatulia, huenda usitulie. Fundi viatu ametuma ujumbe kwamba kuna mtu anataka mapazia ya nyumba nzima, mishono mirefu ya mashine, iliyonyooka, isiyo na kitanzi wala lulu. Nitayashona. Na asubuhi nimebadilisha sala. Naomba, Bwana, nikinge na kinga yangu mwenyewe. Kisha nameza, wifi yako akiwa amesimama mbele yangu, na sasa hunikagua hadi chini ya ulimi kama mtoto. Kopo la vifungo amelichukua yeye.

Nisalimie shemeji, na wapishi wenzako wote. Wifi yako anakusalimu, anasema atakuandikia ya kwake, nami naiogopa.

Jambo la mwisho. Umeona mwandiko huu ulivyo. Nimemeza leo saa moja, ndiyo maana kalamu inaruka, mstari huu nimeurudia mara mbili. Siku utakapopata barua yangu ukaona herufi zimenyooka vizuri kama zamani, usifurahi kabla hujampigia Mama Saa kumuuliza kama dawa mpya ndiyo iliyonyoosha. Akisema siyo, acha sufuria jikoni, uje na fimbo. Lakini kila utakapoona mwandiko umeharibika hivi, ujue Mpangaji wako amelala salama, na mlinzi amesinzia.

Ni mimi mdogo wako, mwenye jambo,

Kitinda